Mimba ya Mgongoni

Kila asubuhi kabla ya shule, wajukuu zangu, Hajira aliteka maji kisimani pale Kwamsisi. Zamani alifuatana na mama yake, Zamda. Sasa alikwenda peke yake, na maneno makali yalimngoja hukohuko.

"Mtoto wa kupe huyo!" wanawake walimzomea. "Sisi tunapalilia shamba la kijiji, mama yake kajilaza. Eti mjamzito! Mimba gani hiyo isiyozaliwa?"

Hajira alijitwika ndoo, akashika njia ya nyumbani. Mimba ya mama yake ilikuwa imetoka zamani, ila damu haikukoma, na tumbo halikunywea. Shangazi Mwaija, dada wa baba, ndiye aliyetangaza kuwa mimba imehamia mgongoni, ikichoka kujificha itarudi mbele. Akawa anamnywesha mgonjwa dawa za mizizi.

"Na wewe," alimwonya Hajira, "ukitamka neno damu nje ya nyumba hii, utanitambua. Unataka kaka yangu achekwe?"

Siku mama alipokohoa damu, baba hakungoja tena. Aliwapandisha mama na Hajira kwenye lori la mahindi liendalo Korogwe. Shangazi naye akaparamia, bila kualikwa.

Hospitalini, daktari Matayo aliuliza, "Mama, unatokwa na damu?"

"Hata tone!" shangazi akadakia. "Ana mimba ya mgongoni huyu."

Mama aliinamisha uso. Hajira alimwona alivyokonda, akasahau vitisho vyote.

"Anatokwa, daktari! Tangu mimba ilipotoka. Kanga zake nazifua mimi."

"Mshenzi wee!" Shangazi alimfinya hadi machozi yakamtoka. "Unamvua nguo mama yako mbele ya mwanamume?"

"Mama, nyamaza ama utoke nje," daktari alimwambia shangazi.

Haya wajukuu, kitendawili: mgeni kaondoka, mkeka wake unaendelea kujisuka. Mmeshindwa? Sikilizeni basi. Kipimo cha mkojo kilisema Zamda ana mimba, lakini tumboni hamkuwa na mtoto. Picha ya kifua ikaonyesha madoa.

"Mimba haihamii mgongoni," daktari alieleza. "Mabaki ya ile iliyotoka yamegeuka saratani ya mji wa mimba, nayo ndiyo inayoufanya mkojo uonyeshe mimba. Ni ugonjwa wa nadra, na umeshafika mapafuni. Bila maneno ya mtoto huyu ningempa dawa ya kifua nikamrudisha nyumbani kufa. Saratani hii husikia dawa, tukiiwahi."

Zamda alipelekwa Dar es Salaam kuchomwa sindano. Nywele zilinyonyoka, mdomo ukajaa vidonda. Mkojo ukapimwa tena na tena, mpaka ile dalili ya mimba ikapotea kabisa.

Aliporudi Kwamsisi akashika jembe, shangazi alimtupia Hajira jicho. "Huyu ndiye aliyetuaibisha."

"Wifi," Zamda alijibu, "aibu nimeiona, na bado napumua. Siri yako ingefaulu, leo ungekuwa matangani kwangu." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mbele ya daktari sema kweli yote, hata wakubwa wakikukunjia uso. Ugonjwa ukifichwa, haulali. Unakua."