Binti wa Seremala na Kazi ya Meno

Asubuhi hiyo seremala alikunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Binti yake, ambaye kwa wembamba wake watu walimwita Njiti, aliketi mbele yake na fomu ya shule.

"Kitendawili," alisema Njiti.

"Tega," alijibu mama yake.

"Wazee wangu weupe husaga mchana kutwa, mshahara hawadai."

"Meno," alisema mama.

"Wangu mmoja amegoma," alinung'unika seremala.

Fomu ile ilikuwa ya kuchagua masomo, na ilitakiwa shuleni siku hiyo kabla ya saa tisa mchana. Njiti alitaka kuwa daktari wa meno. Alikwishajaza biolojia, kemia na fizikia. Ilibaki sahihi ya mzazi, na mzazi alikataa katakata.

Seremala alizoea kung'oa misumari, na kwake jino lilikuwa msumari wa mfupa. Alisimulia tena jinsi alivyong'olewa jino ujanani na jibaba lililomkandamiza kwa goti kifuani. Kazi ile ilitaka misuli.

"Na wewe, mwanangu, hata kifuniko cha chupa unaniletea mimi," alisema. Bora asome biashara. Machozi yakamlengalenga Njiti.

Seremala akamalizia chai. Maumivu yakampanda mpaka sikioni. Mama hakutaka mjadala: kliniki, sasa hivi, na Njiti amsindikize baba yake. Njiti akatia fomu kwenye mkoba, wakaondoka.

Baada ya foleni ndefu, katika chumba cha matibabu seremala alitafuta jibaba kwa macho. Akaona mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye vidole vidogo.

"Daktari yuko wapi?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mzee wangu. Kaa hapo, fungua mdomo."

Daktari alimchunguza kwa kioo kidogo chenye mpini, kisha akalipiga jino picha. Lilikuwa limetoboka, lakini mzizi wake ulikuwa mzima. Hapakuwa na haja ya kung'oa. Alimchoma sindano ya ganzi, akatoa polepole sehemu iliyooza, akaziba tundu, akalisawazisha jino mpaka likawa laini. Kisha akampa kioo ajionee.

Seremala akatazama, akatazama tena. Kazi ile aliijua. Ndivyo alivyotibu mbao iliyoliwa na wadudu: unatoa ubovu, unaziba, unapiga msasa. Ukitumia nguvu umeharibu. Na katika karakana yake, nani alipewa kusugua nakshi na vijikona ambavyo vidole vyake mwenyewe havikuvifikia? Njiti.

Kwa mdomo uliokufa ganzi, akauliza mtu anafikaje hapo.

Daktari alieleza bila haraka. Hata kung'oa ni ujuzi, si misuli. Sekondari, mtu ashike biolojia, kemia na fizikia, maana bila hayo chuo hakimpokei. Chuo kikuu huchukua kama miaka mitano, kisha mtu hufanya kazi chini ya wakubwa wake. Alama zisipotosha, yapo mafunzo mafupi zaidi ya afya ya kinywa, na wengine hujiendeleza kutoka hapo.

"Na ujifunze kuzungumza na watu wenye hofu," alimwambia Njiti. "Wengi huingia hapa wakitetemeka."

"Mimi sikutetemeka," alisema seremala.

"Kiti ndicho kilichotetemeka," alisema Njiti.

Ilikuwa saa nane na nusu. Seremala alitia sahihi pale pale, juu ya meza ya mapokezi, wakatoka mbio. Shuleni alijaribu kumweleza mwalimu habari za fizikia, lakini mdomo ulikwenda upande. Mwalimu akampa kiti na maji. Njiti akakabidhi fomu.

Kemia ilimsumbua Njiti, akaipigania, akafaulu, akaingia chuo kikuu. Alipofika mwaka wa nne chuoni, wanafunzi waliruhusiwa kutibu chini ya macho ya mwalimu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa seremala, aliyekuja kusafishwa meno. Alitaka kumfundisha binti yake jinsi ya kushika vifaa, lakini vifaa tayari vilikuwa mdomoni mwake.

Mama, aliyeketi pembeni, akatabasamu.

"Usifanye haraka, mwanangu," alisema. "Tangu nimeolewa, leo ndiyo mara ya kwanza baba yako anasikiliza bila kubisha."