Vidonge vya Wifi

Kila alasiri Kasuku, msichana wa darasa la sita, aliokota pini chini ya meza ambayo mama yake, fundi cherehani, alikatia vitambaa. Jina hilo alilipata nyumbani, kwani neno likimwingia sikioni lilikuwa tayari limefika mdomoni.

Siku hiyo alisema tu, bila ubaya, "Mama, wifi anameza vidonge kila asubuhi."

Cherehani ikanyamaza. Mtu akisemwa kwamba anameza vidonge, watu huelewa jambo moja: anazuia mimba. Na mama alikuwa akingojea mjukuu tangu siku ya harusi ya mwanawe.

"Kumbe! Namwita mwanangu, naye ananinyima wajukuu! Leo hii arudi kwao!"

Mke wa kaka alisikia akiwa uani. "Mama, si vya kuzuia, ni vya..."

"Nyamaza!" Mama aliingia chumbani kwa mkwewe, akatoka na kikopo cha vidonge, akaelekea chooni kuvimwaga.

Kasuku alimtangulia, akaziba mlango wa choo kwa mikono miwili. Hakubanduka.

"Hupiti, Mama! Maneno nimeyaleta mimi, na sikuuliza ni vidonge vya nini. Twende kwanza zahanati."

"Wewe! Umeota pembe?"

"Nimeota, Mama."

Wakaenda wote watatu, mama amenuna njia nzima. Muuguzi alikitazama kikopo, akacheka.

"Mama, hii ni asidi ya foliki. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi mama mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Ndiyo maana anayetaka mtoto huanza kuimeza kabla, tena ale mboga za majani, maharage na machungwa. Hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Mkweo hakunyimi mjukuu, anamwandalia afya."

Mama aliona haya. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia mkwewe.

"Yameisha, Mama. Ila siku nyingine uniulize mimi mwenyewe," alijibu yule, bila kuinamisha macho.

Kasuku alikuwa akingojea kofi. Mama alimshika bega.

"Jambo usilolijua, uliza kabla hujalisema. Lakini ukigundua umemponza mtu, simama umtetee kama leo, hata kama anayemwonea ni mimi."