Wimbo Uliokatwa Njiani

Jumanne ile umeme ulikatika tangu asubuhi, na Mjomba Bwanaheri alikuwa amenuna. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, kama nilivyomweka. Tangu kiharusi kimpate miaka miwili iliyopita, upande wake wa kushoto haukutikisika, wala hakusema neno. Ndiyo maana niliacha shule kidato cha pili. Mama yangu alishafariki, na mtoto wa Bibi aliyebaki ni Mjomba tu. Lakini Mjomba ana gitaa.

Alianza na gitaa la debe na waya wa breki za baiskeli akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana hamsini na mmoja, na hapa Zinga hakuna mwingine anayepiga roki. Hoteli za Bagamoyo zilimtaka apige nyimbo laini wageni wakila. Akapiga zake, wakamwambia asirudi. Anapaka rangi nyumba za watu, anachopata ananunulia nyaya. Amerekodi albamu kumi na moja chumbani mwake, magodoro yameegemezwa ukutani, na anayebonyeza kompyuta ni mimi. Ananiita fundi mitambo. Waliozisikiliza zote kumi na moja, ukiwakusanya, hawajazi hicho chumba.

Jirani yetu Bi Arafa aliingia kuomba kaa la moto.

"Shikamoo, Bi Arafa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kimya leo? Ile mashine ya kusaga ya mjomba wako imekwisha mafuta?"

"Umeme, Bi Arafa," Mjomba akajibu kutoka ndani. "Ukirudi nitakukera."

"Huwezi. Masikio yangu yalishafunga duka."

Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, na kwetu adhana inapoanza muziki unazimwa, hata kama ni harusi. Kwa hiyo Mjomba hurekodi katikati ya sala na sala. Siku nyingine angesubiri. Lakini wiki tatu alikuwa akitafuta wimbo mmoja, unamjia na kumkimbia, na asubuhi ile alikuwa ameukamata.

"Tungoje watu wasali kwanza, Mjomba."

"Miaka thelathini na tisa nangoja. Bonyeza."

Nikabonyeza.

Haukuwa kama nyimbo zake nyingine. Ulizunguka, ukapanda, ukazunguka tena palepale, kila mara juu kidogo. Kuku uani walinyamaza. Mjomba alifumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu. Nilimfurahia sana. Kisha, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, nikamtazama Bibi.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapiga mdundo pajani.

Mabega yakaanza kutikisika. Kichwa kikazunguka. Mdomo ukafunguka, ikatoka sauti nzito ambayo haikuwa yake.

"Ndiyo huo. Nipandishe."

Mjomba alisikia. Hakuacha. Machozi yalimtoka, naye anapiga tu.

Hapo kipaza sauti cha msikiti kikakoroma. Allahu akbar. Vidole vya Mjomba vikasimama vyenyewe, kama vilivyosimama maisha yake yote. Akazima spika. Taa yake nyekundu ikafa.

Bibi alibaki vilevile. Mkono juu. Mdomo wazi. Macho hayapepesi. Na ile spika iliyozimwa ikapiga midundo mitatu zaidi.

Bi Arafa alikuja peku, upawa mkononi. Alipomwona Bibi, alikaa chini palepale.

"Nani kakufundisha huo?" akanong'ona.

"Nimeutunga."

"Hukuutunga. Huo ni wimbo wa pepo wa mama yako. Nilimpigia makofi mimi, wewe ukiwa mgongoni mwake. Tulianza baada ya isha, tukamaliza kabla ya alfajiri, ili adhana isitukute katikati. Pepo akikatiwa njiani hana pa kushukia. Umalizie, mwanangu. Mwisho wake ni makofi saba tu. Nitakuonyesha."

Mjomba alilitazama gitaa. Sijapata kuona mtu akikasirika bila sauti namna ile.

"Maisha yangu yote," akasema polepole, "wimbo mmoja. Mmoja tu. Na huo nao mnaniambia si wangu."

"Bwanaheri."

"Mwisho wake nitautunga mwenyewe."

Adhana ilipokwisha akawasha spika. Alipiga mwisho wake, mkali, mzuri kupita chochote alichowahi kupiga. Bi Arafa aliziba masikio. Mlio wa mwisho ulipokatika, mkono wa Bibi ukashuka. Akamtazama mwanawe, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani:

"Siyo hivyo, baba."

Kisha akanyamaza. Mpaka leo.

Mjomba alicheka kidogo. Akataka kuliweka gitaa chini. Mkono wa kushoto haukuachia. Mimi na Bi Arafa tulivifungua vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa baridi kama samaki.

Daktari alisema ni kiharusi, kwamba kiko katika ukoo. Huenda. Bi Arafa alihamia kwa watoto wake Miono wiki ileile, hakutuonyesha yale makofi.

Sasa ni miezi minne. Kila siku baada ya adhana ya alasiri Mjomba hulipakata gitaa. Mkono wa kulia hupiga nyaya. Wa kushoto ameutupa juu yake kama kitambaa kibichi. Hakitoki kitu. Anatukana. Anaanza upya. Anatukana. Nyuma yake Bibi anamtazama tu, na mimi nawalisha wote wawili, nikikumbuka nani alibonyeza.

Sijawahi kupiga gitaa. Mjomba haruhusu mtu aliguse. Lakini juma lililopita nilikuwa nachambua mchele nikahisi punje zinaniteleza vidoleni. Nikatazama. Ncha nne za vidole vya mkono wangu wa kushoto zina sugu, ngumu, zimechimbika mstari katikati, kama za Mjomba za miaka thelathini na tisa. Nilizisugua kwa jiwe mpaka zikatoka damu. Asubuhi zilikuwa zimerudi, na mto wangu ulinuka chuma, kama nyaya za gitaa.

Sijamwonyesha Mjomba. Naogopa atafurahi.