Matundu Yaliyozibwa

Juni ile baridi ya Johannesburg haikuwa na huruma. Marcelline, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliishi Jeppestown katika kiwanda cha zamani. Mwenye nyumba alikuwa amekigawa kwa mbao kikawa vyumba kumi. Kila chumba kilikuwa na hita ya gesi ukutani, na matundu mawili ya hewa, moja juu na moja chini. Upepo ulipita humo ukiuma.

Marcelline hakuweza kuona mtu akitetemeka. Alishona vifuko vya kitenge, akavijaza mabaki ya nguo, akaziba matundu yake. Kisha akawazibia majirani wote. Hata asante hakungoja.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Aloys, Mrundi, mlinzi wa usiku kule Midrand. Mchana alilala, hita ikiwaka. Jumatano mkewe, Médiatrice, alirudi kutoka kuuza mboga, akagonga, akagonga tena. Majirani walipovunja mlango, walimkuta Aloys amelala ubavu, blanketi hadi shingoni. Hakuamka.

"Amerogwa," wengine walisema. "Mtu mzima hafi hivihivi tu."

Kesho yake waombolezaji walijaa chumbani mwa Aloys. Baridi ilikuwa kali, basi François, kiongozi wa maombi, akawasha hita ileile, akafunga mlango. Marcelline alikuwa amempakata binti yake, Kelly. Baada ya nyimbo tatu mtoto alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, akaanza kufumba macho.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bakiri, Mtanzania, fundi wa gesi aliyesajiliwa, amekuja kutoa pole. Aliitazama hita, akazitazama kuta, matundu yote yamezibwa.

"Zimeni hiyo! Tokeni nje wote!"

"Eish, ndugu! Tuko mu matanga," François alifoka.

"Ndiyo maana nasema tokeni, yasije yakawa mawili!"

Nje, Kelly alitapika, kisha akapata nafuu. Marcelline alimfuta mdomo kwa kitenge chake. Bakiri alipiga simu kuita gari la wagonjwa, mtoto apimwe.

"Hita zenu hazina bomba la kutoa moshi nje," Bakiri alieleza. "Moto wa gesi unakula hewa ya chumba. Hewa ikipungua, inatoka sumu. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, unasikia usingizi, na huo ndio mwisho. Nani ameziba matundu?"

Marcelline alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, watu wangeendelea kumtafuta mchawi, na matundu ya vyumba vyote yangebaki yamezibwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilishona mimi. Vyumba vyote kumi. Médiatrice, dada yangu, sikujua."

Médiatrice alimtazama, kisha akageuka akaondoka.

"Mama Kelly, usibebe yote peke yako," Bakiri alisema. "Nani alifunga hita hizi?"

"Mtu tu. Mwenye nyumba alimuokota barabarani," François alijibu.

"Basi hapo. Hapa Afrika Kusini anayefunga gesi lazima awe amesajiliwa, na akimaliza anatoa cheti. Cheti ni sahihi ya fundi kwamba kazi ni salama. Mpangaji ana haki ya kukiomba. Na jengo halibadilishwi hivi bila ramani kupitishwa na manispaa."

Siku ileile walizibua matundu yote, na hita zikazimwa. Waliingia manispaa wakiwa wapangaji wanane. Waliogopa kufukuzwa, maana wengine karatasi zao za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda, lakini waliogopa zaidi kufa. Mkaguzi alikuja, akamwamuru mwenye nyumba arekebishe. Bakiri alifunga mabomba ya kutoa moshi, mitungi ya gesi iliyokuwa vyumbani ikahamishiwa nje, na kila chumba kikapata cheti chake.

Tangu msibani Médiatrice hakuwa amesema na Marcelline hata neno. Agosti, siku ya kuhama kwake, aligonga mlango wa Marcelline.

"Kelly anaamka vizuri asubuhi?"

"Anaamka, dada."

Médiatrice alifuta macho, akajitwisha mzigo.

"Wangu hakuamka," alisema. "Wako aendelee kuamka."