Florent na Mahali Pake pa Siri

Ndugu zangu wa Goma, na ninyi wa mbali mnaosikia habari zetu, sogeeni niwaeleze yaliyompata Kaswera. Na kabla hujasema kwamba kwako hayo hayawezi kutokea, ningoje nimalize.

Dominika moja baada ya misa, nyumba ya Kaswera pale Mabanga ilikuwa imetulia. Uwanja wa mawe meusi ulikuwa umefagiliwa, na mlangoni Fabiola, mdogo wake Kaswera, alikuwa anakaanga tilapia huku harufu ikiwatesa majirani. Kaswera alimlea Fabiola tangu mama yao alipofariki Butembo, akaja naye Goma, akamsomesha kushona. Sasa msichana alikuwa amechumbiwa, na familia ya kijana ilikuwa inajiandaa kuja kujitambulisha.

"Hizi samaki umezitoa wapi leo?" Kaswera alimuuliza bwana wake.

"Mu ziwa," Florent akajibu. "Wewe ulifikiri zinaota mu shamba?"

Wakacheka wote watatu. Florent alikuwa fundi wa umeme, na kwa kuwa kazi ilikuwa imepungua sana mjini, alikuwa amejifunza kuloba, yaani kuvua kwa ndoano, ili kupumzisha akili. Aliyemfundisha ni Adalbert, kinyozi mmoja mwenye maneno mengi, mzaliwa wa Goma. Walikuwa wanakaa pamoja kwenye gati ya saruji karibu na Kituku, kila mtu na mwanzi wake na kopo lake la minyoo, wakitaniana mpaka jua linakuwa kali. Kuloba kwa kujifurahisha si kosa. Nalisema mapema ili wapenda ndoano wasininunie.

Kosa lilianza siku Florent alipopata mahali pake mwenyewe.

Palikuwa upande wa magharibi wa mji, nyuma ya viwanja ambavyo havijajengwa, pale mawe ya volkano yanaposhuka ziwani. Kulikuwa na shimo pana kama sebule, limezungukwa na mawe, na upande mmoja maji yanaingia. Tilapia walikuwa wanashika ndoano pale kana kwamba wamelipwa. Florent hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia Adalbert kwamba anaumwa mgongo na ameacha kuloba. Mke wake alimwambia kwamba anaenda gatini na Adalbert. Aliogopa watu wakijua watajazana pale, na samaki wataisha.

Tangu wakati ule Florent akaanza kurudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza alilalamika kichwa. Siku nyingine alifika akiyumba, macho mekundu, Kaswera akamnusa mdomo akitafuta pombe. Hakuna. Ilikuwa harufu ya samaki tu. Siku nyingine alikaa kitini, akamwangalia mke wake muda mrefu, kisha akauliza, "Wewe mama, unatafuta nani hapa?"

Kaswera alifikiri ni mchezo. Alipoona hacheki, alimshika mkono. Akamlaza, na ilipofika mchana Florent aliamka mzima, akaomba bugali, hakumbuki kitu.

Walienda kituo cha afya. Malaria hakuna, wakampa dawa za kichwa. Kaswera akarudi nyumbani bila kuelewa kitu. Ugonjwa gani huu unaokuja asubuhi na kuondoka mchana? Ni mwanamke mwingine? Mwanamke gani anampa mtu samaki wengi hivyo arudi nao kwa mke wake? Kila alilolifikiria lilikuwa linakataa kukaa sawa. Alikuwa anaungua moyoni na kuchoka, na usiku alikuwa anamsikiliza bwana wake akipumua.

Wenyeji wa Goma mnaonisoma, najua mmeshaanza kutikisa kichwa. Nyamazeni kwanza. Kaswera hakuwa mwenyeji kama ninyi, na hakujua bwana wake anakaa wapi.

Ndipo akaenda kwa mama Séraphine, mwombezi wa chumba cha maombi cha pale mtaani. Mama Séraphine alifumba macho, akaguna, akasema, "Adui anakula na ninyi kwa sahani moja. Rudi kwako, angalia vizuri."

Kaswera akarudi, akaangalia. Na ubaya ni kwamba mtu akitumwa kutafuta adui, hawezi kukosa kumpata. Aliona kwamba siku Florent asipotoka anakuwa mzima kabisa. Lakini siku anazougua, kila moja bila kukosa, amekunywa chai ya Fabiola. Maana Fabiola ndiye aliyekuwa anaamka alfajiri kumchemshia shemeji yake chai kabla hajaenda ziwani. Siku asipoenda, wote wanalala, na chai anapika Kaswera mwenyewe.

Alijaribu kulikataa wazo hilo. Ni Fabiola huyu, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni! Akaenda tena kwa mama Séraphine ili aambiwe kwamba amekosea. Mama Séraphine hakumwambia hivyo.

Asubuhi moja Florent alirudi akiwa ameshikiliwa na dereva wa moto, yaani pikipiki, miguu haimtii. Kaswera hakuweza tena kujizuia. Alimwita mama Séraphine, akamwita Fabiola, na majirani wawili watatu wakasimama mlangoni bila kuitwa.

"Fabiola, unamuwekea shemeji yako nini mu chai?"

Fabiola alikuwa na uzi wa kushonea mkononi. "Majani na sukari, yaya," alisema. Ndivyo alivyozoea kumwita dada yake. "Kwani iko na ladha mbaya?"

"Nasema unamuwekea nini? Ni siku za chai yako tu anaugua!"

Msichana akaelewa. Akachukua birika lililobaki na chai ya asubuhi, akamimina, akanywa mbele yao wote mpaka mwisho. Mama Séraphine akasema, "Muchawi hajiloge." Sasa niambieni ninyi, mtu ajitetee vipi mbele ya maneno kama hayo?

"Yaya," Fabiola akasema, "wewe ndiye ulinilea, ukanikomalisha. Unaniona muchawi?"

Kaswera alitaka kusema hapana. Alimwangalia Florent, akitumaini atasema neno lolote. Florent alikuwa amekaa kitini, akili imeanza kumrudia, anasikia yote. Akainamisha kichwa na kutazama sakafu. Kwa Kaswera ukimya ule ulikuwa jibu.

"Toka kwangu," alimwambia mdogo wake.

Fabiola alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kwa rafiki yake upande wa Ndosho. Lakini maneno yalifika kila mahali kabla yake. Wiki haikuisha, familia ya kijana ilituma mtu kusema kwamba safari yao ya kujitambulisha imeahirishwa. Wote tunajua maana ya kuahirisha kwa namna hiyo.

Sasa alfajiri Kaswera alikuwa anaamka yeye mwenyewe. Alisafisha birika kwa majivu, akachemsha maji, akatia majani na sukari kwa mkono wake. Florent akanywa, akaenda. Alirudi anatapika, akimwita mke wake kwa jina la mama yake mwenyewe aliyefariki.

Kaswera alikaa chini palepale uwanjani. Chai ilikuwa yake. Birika lilikuwa lake. Kama chai ndiyo inaroga, basi mchawi ni yeye. Na kama si chai, basi amemfukuza mtoto wake wa kulea kwa kosa gani? Mawazo yalimzunguka mpaka akashindwa hata kulia. Hakumwambia mama Séraphine, kwa sababu aliogopa jibu.

Siku chache baadaye, Florent akiwa ametoka tena, Adalbert alipita na ndizi mkononi kumsalimia mgonjwa.

"Mama, mugongo ya Florent inaendelea namna gani?"

"Mugongo gani?" Kaswera aliuliza. "Si yuko na wewe kule gatini? Kila siku munaloba pamoja."

"Na miye?" Adalbert aliweka ndizi chini. "Tangu alisema anaumwa, sijamuona hata macho."

Wakaangaliana. Kaswera akamweleza yote kwa haraka: kuyumba, kutapika, kusahau watu, na namna mchana anapona. Alisema pia kwamba mara nyingi Florent alikuwa anatukana kiberiti, anasema kule anakoloba hakikubali kuwaka hata pasipo upepo. Hapo Adalbert, mtu wa maneno mengi, aliuliza swali moja tu: ni dereva gani wa moto anayempeleka?

Walimpata yule dereva aliyemleta nyumbani siku ile kwenye njia panda, akawapakia wote wawili. Kufika kule walipita katikati ya majani mpaka penye mawe, na Kaswera akamwona bwana wake. Florent alikuwa amelala ndani ya shimo, uso umeelekea juu, ndoo ya samaki kando yake. Karibu naye kulikuwa na ndege wadogo waliokufa na mjusi mmoja. Hakuna damu, hakuna kelele. Maji yalikuwa yametulia.

Kaswera alikimbilia kushuka. Adalbert akamkamata kiuno, akamvuta nyuma kwa nguvu mpaka wakaanguka.

"Niache! Bwana yangu anakufa!"

"Ukishuka utabaki pale pale na yeye. Ni mazuku, mama. Ni ile hewa mubaya inatoka chini ya udongo, inajaa mu mashimo kama maji, lakini hauione. Ndiyo inazima kiberiti. Ukisimama haikupate. Ukichuchumaa inakumaliza."

Dereva alifungua kamba ya mizigo ya moto yake. Adalbert akajifunga kiunoni, akavuta pumzi, akashuka amesimama wima, amefunga mdomo. Alimshika Florent chini ya makwapa, na wale wawili juu wakavuta hata viganja vikachubuka. Adalbert aliwahi kufika ukingoni ndipo pumzi ikamwishia, akakohoa sana. Florent alikuwa bado anapumua, kwa shida.

Hospitali walimwekea oksijeni. Alipopata akili, Kaswera alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Ulijua kwamba kichwa inaanza pale?" alimuuliza.

"Nilijua," Florent akajibu. " Nikiinama kushika minyoo, inaanza. Nikipanda juu, inapungua."

"Na siku ile nilimufukuza Fabiola, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema, mungeniuliza ni wapi," Florent alisema. "Niliogopa watu watajaa pale."

Kaswera alisimama, akatoka nje ya hospitali, akaenda kwa miguu mpaka Ndosho.

Fabiola alimpokea vizuri, akampa kiti. Kaswera alipiga magoti, akamweleza kila kitu, akalia yale machozi yaliyokuwa yamekwama. Fabiola alimwinua.

"Nimekusamehe, yaya. Lakini sirudi. Nikirudi, siku mutu ataumwa hata tumbo, mutaniangalia. Na miye nitakuwa naangalia kama munaniangalia."

Juma lile lile alipanda mashua ya kwenda Bukavu kuanza maisha kwa watu wasiomjua. Mchumba hakutafuta habari zake. Florent alipona kabisa, anafanya kazi yake, na nyumba ile ya Mabanga ina chumba kimoja ambacho hakuna anayelala humo.

FUNZO

Wapendwa, msinielewe vibaya. Sikuandika haya kuwatisha wanaopenda ndoano. Nendeni mkalobe, lakini nyumbani wajue mko wapi, na mahali papya muulizeni mwenyeji kabla ya kukaa. Neno moja tu kwa Adalbert lingetosha. Mkikuta shimo lenye ndege waliokufa, msishuke, hata kwa kumwokoa mpendwa, bila kamba na watu wa kuwavuta.

Ninyi wa kutaja wachawi, mgonjwa hupona na husahau. Yule mliyempa jina hilo, jina linabaki naye. Kabla ya kulitamka, jiulizeni ni kitu gani hamjakijua bado.

Na wewe unayejua ukweli, ukakaa kitini ukitazama sakafu wakati mwingine anafukuzwa kwa ajili yako: Kaswera alisema maneno mabaya kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa. Wewe hukuchanganyikiwa. Ulikuwa unalinda samaki.