Mtani Wangu Alinipigia, Nikacheka

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mkazi wa Kilwa Masoko, baba wa watoto wanne. Ndugu wasomaji, sitafuti huruma yenu. Mkimaliza kusoma mtaniona mtu mbaya, na mtakuwa hamjakosea.

Kwa miaka tisa nilikuwa msimamizi wa walinzi wa bomba la gesi. Ilikuwa kazi ya miguu. Kila asubuhi walinzi walitembea kwenye mkuza, ile njia iliyofyekwa juu ya bomba, kila mtu na kipande chake. Walitazama kama kuna aliyechimba, kama mvua imefukua udongo, kama majani yamekauka bila sababu. Wakirudi wananieleza, nami naandika.

Hodari wao alikuwa Selemani. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu, na mlio wa huku kwetu mnajua maana yake. Aliweza kuingia uani kwangu, akakamata jogoo na kuondoka naye huku ananitukana, mke wangu akabaki anacheka. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Kisha mambo yakabadilika... Kampuni ikaleta vifaa vya kuzika kando ya bomba, vinavyopima presha na kutuma taarifa vyenyewe kwenye kompyuta. Bosi akatuita, akasema siku zijazo gesi yote italindwa hivyo, na watu watakuwa wachache. Akauliza nani anaifahamu njia vizuri awaongoze mafundi, kisha ahamie chumba cha kompyuta. Mkono wangu ndio uliotangulia juu!

Bosi akaniuliza faragha kama walinzi wa miguu bado wanahitajika. Nikamjibu hawahitajiki. Nani alinilazimisha? Hakuna. Nilitaka kiti chenye kiyoyozi, basi.

Selemani alivibeba vile vifaa begani wiki nzima, akatuonyesha kila bonde na kila kijito. Kazi ilipokwisha, walinzi wote waliachishwa siku moja. Nikamwambia amri imetoka juu. Aliniamini.

Wala hakununa. Akarudi kwenye shamba lake la mihogo jirani na bomba, na karibu kila siku akawa ananipigia simu kunitania. "Mtani, hiyo kompyuta yako imeniona? Nimechuchumaa hapa kwenye mkuza wenu najisaidia." Wenzangu ofisini walikuwa wanaomba niwasikilizishe.

Siku moja, yapata saa nne asubuhi, majira ya watu kusafisha mashamba, akapiga tena. Akasema bomba linapuliza bondeni, mlio anausikia, na majani yamekauka duara zima. Nikatazama skrini yangu. Kila kitu kilikuwa kijani! Nikamwambia akale mihogo yake, wivu hautamrudisha kazini.

Akasema, "Mtani, leo sitanii."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikapaliwa... Nikamwambia hata jana alianza hivyo hivyo, nikakata simu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Tundu lilikuwa dogo mno, presha ilishuka kidogo kiasi kwamba mashine haikushtuka. Mtu wa miguu angeliona asubuhi ile ile, na Selemani aliliona. Nilichotakiwa kufanya ni kunyanyuka kitini na kuwaambia mafundi wa zamu. Mlango wao ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu!

Yeye alibaki palepale kulinda mtu yeyote asisogee. Upande wa pili wa bonde, jirani yake, ambaye hakuwa na habari, alikuwa amewasha moto kuchoma majani ya shambani. Selemani akakimbia na tawi bichi kwenda kuuzima. Moto ukaikuta gesi kabla hajafika. Alifariki siku ya tatu, hospitalini, bila kuzinduka.

Wachunguzi walikuja. Wakauliza kama kuna mtu yeyote aliyetoa taarifa. Nikasema hakuna. Simu ilikuja kwenye namba yangu, si ya ofisi, na kumbukumbu yake nilikuwa nimeshaifuta. Ikaandikwa kwamba marehemu alikuwa anachoma shamba kwa uzembe karibu na bomba. Jirani naye akaogopa, akakaa kimya. Kijiji kizima kikaanza kumsema Selemani kwamba nusura awaue watu.

Siku ya maziko walinisubiri mimi. Mtani ndiye anayeigiza mwendo na sauti ya marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Nilisimama mbele ya watu, mdomo haukufunguka... Walidhani ni uchungu, wakanishika mikono na kunikalisha.

Kwenye arobaini, mjane wake, Mama Zuhura, aliniita nyuma ya nyumba. Akaniambia simu ya mumewe ilikuwa mbovu, haisikiki bila kuwekwa sauti ya nje, na siku ile alipopiga walikuwa pamoja bondeni, kabla hajamrudisha nyumbani. Alisikia kila neno.

"Nilikusikia ulivyocheka, shemeji," alisema. "Nimesubiri siku arobaini useme mwenyewe."

Mnajua nilifanya nini? Nilipiga magoti, nikamwomba anyamaze kwa ajili ya watoto wangu! Akanitazama, akasema watoto wake nao walikuwa na baba. Kisha akaenda kuwapakulia wageni, na sahani yangu akaniletea kwa mkono wake.

Nilivumilia miezi mitano. Usingizi ukaisha. Mwisho nikaenda kwa wachunguzi, nikaeleza yote. Nikaenda na kijijini, baada ya swala ya Ijumaa, nikayarudia mbele ya watu wote. Jina la Selemani likasafishwa. Kazi nilifukuzwa, na nilistahili.

Wasomaji wenzangu, silaumu kompyuta. Ilisema ilichokiona. Mwenye masikio nilikuwa mimi! Nawasihi ninyi mlio maofisini mbele ya skrini, mtu aliyesimama penyewe akikwambia kuna hatari, nyanyuka ukaulize. Kama ni mzaha, mtacheka baadaye. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usimwache marehemu abebe kosa lako.

Wiki iliyopita nilikutana na Zuhura, binti wa Selemani, sokoni. Kwa utani wetu alipaswa kuninyang'anya kikapu na kuniita mzee mchoyo, kama alivyofanya tangu anaanza kutembea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Akapita zake.