Bi Kimya Alipoanza Kujibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifungo alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya vitambaa, kufuta vumbi kwenye cherehani, na kutia alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama ile ilimaanisha kwamba Mama Mkubwa amekwisha kumeza vidonge vyake vitatu. Jina halisi la Kifungo lilibaki kwenye madaftari ya shule tu. Mtaani kote alikuwa Kifungo, tangu siku alipomeza kifungo cha koti la mteja akiwa na miaka miwili na kuwakimbiza watu wazima watatu hospitali.

Mama Mkubwa, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Kando ya meza alisimama Bi Kimya, sanamu ya kujaribishia nguo, asiye na kichwa wala mikono, shingo yake imezibwa kwa kifuniko cha mbao. Alitengenezwa kwa vipimo vya Mama Mkubwa mwenyewe, enzi zile alipokuwa na mwili. Sasa gauni lililombana Bi Kimya lilimpwaya Mama Mkubwa mabegani na kiunoni. Kifungo hakupenda kuwatazama wakiwa wamesimama pamoja.

"Umemeza, Mama Mkubwa?"

"Nimemeza, mwanangu. Tia alama."

Kifungo akatia alama. Mara Mama Mkubwa akaanza kukohoa, akaishika meza kwa mikono miwili mpaka ikatikisika. Kikohozi kilipokatika, kitu kikajibu.

Kra, kra, kra.

Sauti ilitoka kifuani mwa Bi Kimya.

Mlangoni alikuwa amesimama Chiriku, rafiki wa Kifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Weee! Sanamu yenu nayo imepata kifua?"

Mama Mkubwa, ambaye siku nyingine angekuwa wa kwanza kucheka, hakucheka. "Mtachelewa shule," alisema kwa ukali usio wake.

Siku nzima darasani sauti ile haikumtoka Kifungo masikioni. Aliporudi mchana, Mama Mkubwa alikuwa ametoka kununua uzi. Chumba kilikuwa kimya, na Bi Kimya alionekana kama mtu aliyebana pumzi. Kifungo aliigusa meza kwa hofu, akaisukuma kidogo. Kra. Akainama, akaona mguu wa meza umeegemea mguu wa sanamu. Meza ikitikisika, na sanamu hutikisika. Hilo lilimpunguzia woga, lakini ndani mlikuwa na nini cha kulia?

Akakifungua kifuniko cha shingo na kuingiza mkono. Aligusa vitu vidogo vya mviringo, vingi, vingine vimeshikana kwa unyevu. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimetapakaa rangi nyekundu, na kwa sekunde moja aliamini kwamba sanamu ile ina damu.

"Funga hapo," alisema Mama Mkubwa kutoka mlangoni.

Vilikuwa vidonge: vyekundu na vya njano, vya miezi mingi.

Mama Mkubwa aliketi. Machozi yalimtoka, machozi ya kawaida, meupe. Hapo ndipo Kifungo alipokumbuka kwamba mwanzoni mwa dawa machozi ya Mama Mkubwa yalikuwa na rangi ya chungwa, jambo lililowahi kumnyima raha, na kwamba siku hizi hayakuwa hivyo tena.

"Daktari alisema rangi ile haina madhara, ni dawa tu," Mama Mkubwa alieleza. "Lakini jasho langu lilidondokea gauni jeupe la bibi harusi, likaacha doa. Nikaacha vile vyekundu. Halafu uzi mwekundu ukaanza kufifia machoni mwangu, ukawa kama majivu. Nikaacha na vya njano, na rangi zikarudi. Nikabaki na vyeupe, havina makuu."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Angeniambia macho hayafai tena kwa kazi hii. Bila cherehani mimi ni nani? Usimwambie, mwanangu. Nakuomba."

Hakuamuru, aliomba, na hilo ndilo lililomwumiza Kifungo zaidi. Kwa wiki mbili aliendelea kutia alama, na kila alama ilimkaa moyoni. Mama Mkubwa alizidi kukonda.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari wa kifua, mwanamke wa sauti ya taratibu, alilipitia faili mara mbili.

"Sielewi. Makohozi yalikuwa yameanza kuwa safi, sasa bakteria wamejaa tena." Akaichukua kalenda waliyokuja nayo. "Na humu hakuna siku hata moja iliyorukwa. Hongera, Kifungo, umefanya kazi nzuri."

Kifungo alitamani ardhi ipasuke. Alimtazama Mama Mkubwa, akaona jinsi mifupa ya shingo ilivyotokeza.

"Alama zangu ni za uongo," alisema, na kilio kikampanda. "Anameza kimoja tu. Vingine vimo ndani ya sanamu. Nisamehe, Mama Mkubwa, sitaki ufe."

Daktari hakufoka. Aliigeuza kompyuta yake, akawaonyesha picha mbili za sahani ya maabara yenye vishimo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Vyote vilitiwa dawa ile ya kidonge cheupe, kisha bakteria wa Mama Mkubwa. Katika picha ya mwaka jana maji yalikuwa maangavu. Katika picha ya mwezi huu yalikuwa na ukungu.

"Ukungu huo ni wao," alisema. "Wanaishi ndani ya dawa."

Kifungo aliisogelea kompyuta. "Dawa ile ile?"

"Ile ile. Ugonjwa huu si kifua kikuu. Bakteria hawa ni jamaa zake wanaokaa kwenye maji na udongo, na ni wabishi kweli. Kati ya mamilioni yao, wachache huweza kustahimili dawa moja. Dawa ya pili na ya tatu ndizo zinazowamaliza hao wachache. Ukibaki na moja, wanyonge wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana, mwisho kifua kizima ni chao."

"Na macho yangu?" Mama Mkubwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Rangi kufifia ni jambo la kuniambia siku hiyo hiyo, kama nilivyokwambia. Ningekuondolea kidonge cha njano na kukupa kingine mahali pake. Cherehani yako nisingeigusa."

Mama Mkubwa aliinamisha kichwa.

Matibabu mapya yalikuwa magumu: sindano, vidonge vingine, na zaidi ya mwaka mmoja wa kuvumilia. Kifungo hakutia tena alama ya kitu ambacho hakukiona kwa macho yake.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, Mama Mkubwa alisimamisha cherehani ghafla.

"Nani anapiga filimbi?"

Kifungo alisikiliza. Hapakuwa na filimbi wala mtu barabarani. Mama Mkubwa alikaa akiisikiliza sauti ambayo mwingine hakuisikia, uso umesawijika kwa hofu. Aliutazama mkono wake kwenye gurudumu la cherehani. Kisha akaunyoosha.

"Nipe simu nimpigie daktari. Leo hii, kabla sijapata visingizio."

Daktari alimwita mara moja, akampima masikio, akaeleza kwamba sindano ndizo zilizoleta sauti ile, akapunguza siku za kuchomwa. Filimbi ikanyamaza, na dawa zikaendelea. Makohozi yakasafika, yakabaki safi mwezi baada ya mwezi, na mwaka uliofuata daktari akamruhusu kuacha dawa.

Siku hiyo, wakitoka kliniki, Kifungo aliuliza kama bado amemkasirikia kwa kuitoa siri.

"Nilikukasirikia mpaka jioni ile tu," Mama Mkubwa alisema. "Dawa zikikusumbua, mwanangu, usizichague mwenyewe kama mtu anayechagua vifungo. Sema kwa aliyekuandikia, hata kama unaogopa jibu lake. Mimi nilidhani namficha daktari siri yangu. Kumbe niliokuwa nawaficha ni wale waliokuwa wakinila kifua."